Kwa Ndege Husemi "Shukisha"

Kwetu ni Utawala, na ndege nyingi zikipaa kutoka JKIA hutupitia juu ya paa. Wageni wakija huinamisha vichwa. Sisi tumezoea: mtu ananyamaza katikati ya sentensi, ndege inapita, anaendelea pale alipoachia. Ndiyo maana watu hucheka nikiwaambia naogopa ndege. Mse wa Utawala kuogopa ndege ni kama mvuvi kuogopa samaki.

Lakini najua woga huu ulitoka wapi. Julai 2, 2014, kabla ya jua kuchomoza, ndege ya mizigo aina ya Fokker 50 iliyobeba miraa ya kwenda Mogadishu ilipaa JKIA ikaangukia jengo la biashara papa hapa Utawala. Wote wanne waliokuwa ndani wakafa. Nilikuwa darasa la sita. Tulienda kuangalia kabla ya shule, na kitu kilichonibaki si moshi. Ni harufu ya miraa mbichi na mafuta, pamoja. Tangu siku hiyo kila ndege niliyoiona juu niliiona kama kitu ambacho bado hakijaanguka.

Mwaka jana nyanya yangu aliugua Kisumu. Mama alikuwa tayari huko. Anko akanitumia tiketi mchana, ya ndege ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi kesho yake. "Chini ya saa moja uko hapa," akaniambia. "Anakuuliza." Nikasema nakuja.

Nilitoka nyumbani saa kumi alfajiri na begi mgongoni. Badala ya kwenda uwanja wa ndege nikapanda mat ya tao, nikakata tiketi ya basi. Nikampigia Mama kwamba trafiki ilinishika, ndege ikaniacha. Nyanya alifariki saa nne na nusu asubuhi. Saa hiyo nilikuwa karibu na Londiani, nimelala, kichwa kwenye dirisha.

Londiani unaikumbuka. Juni 30, 2023, lori lilipoteza mwelekeo hapo, likaparamia magari, wachuuzi na watu waliosimama kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Mimi niliyekuwa nakimbia hatari nilipita hapo nikikoroma.

Rafiki yangu mmoja, tuliyeanza naye chuo, yeye akamaliza na mimi nikatoka mwaka wa pili, alinipa somo la takwimu. Kuanzia 2021 hadi 2024, barabara za Kenya ziliua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka. Ndege haziko hata karibu. Nilikuwa nazijua hizo namba. Shida ni kwamba namba hukaa kichwani, na woga wangu unakaa tumboni.

Nilijitetea hivi: kwa mat naweza kusema "shukisha". Dere akizidisha naweza kupiga kelele, naweza kushuka. Kwa ndege unafungwa mkanda, mlango unafungwa, maisha yako yanabaki mikononi mwa mtu ambaye hata sura yake hujaiona.

Halafu nikajiuliza: hilo neno nimewahi kulitumia mara ngapi kwa sababu ya hatari? Mara moja nilijaribu, Outering Road, dere akipita upande usio wake. Nikasema, "Dere, pole pole." Makanga akanijibu, "Boss, ukitaka pole pole nunua yako." Abiria wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikaendelea kukaa. Kumbe sikuwa na usukani wowote. Nilikuwa na neno mdomoni tu, na siku nililolihitaji halikutoka.

Ningeweza kumalizia hapo, niseme woga ni ujinga. Lakini nitakuwa nakudanganya, kwa sababu Machi 10, 2019 ilitokea.

Asubuhi hiyo ndege ya Ethiopian Airlines, ET302, ilipaa Addis Ababa ikija hapa Nairobi. Baada ya dakika sita ilianguka karibu na Bishoftu. Watu 157 walikufa, 32 kati yao Wakenya. Miezi michache tu kabla, Oktoba 29, 2018, ndege ya aina hiyo hiyo, Boeing 737 MAX 8, ilikuwa imeanguka baharini huko Indonesia na watu 189. Zote mbili ziliangushwa na kitu kimoja: programu iliyopokea habari mbaya kutoka kwa kihisi kimoja, ikawa inasukuma pua ya ndege chini huku marubani wakiivuta juu. Kabla ya ajali ya kwanza, marubani hawakuwa wameambiwa kwamba programu hiyo ipo. Na baada ya ajali ya kwanza, ndege za aina hiyo ziliendelea kubeba watu.

Mtu aliyesema wakati huo, "Mimi hiyo sipandi," angeletewa takwimu zile zile nilizoletewa mimi. Na angekuwa sahihi.

Hapo ndipo nilipoona tumezoea kuuliza swali baya. Tunauliza: unaogopa au huogopi? Mwoga tunamcheka, jasiri tunampigia makofi. Lakini walioiacha ile ndege iendelee kuruka hawakuwa waoga hata kidogo, na bili ikaenda kwa wengine. Mimi nilikuwa mwoga, na bili ikaenda kwa mwanamke mzee Kisumu aliyekuwa ananiuliza. Swali la kuuliza ni: nani analipa?

Kuna woga ambao mwenyewe hujilipia. Fundi anayekagua boliti mara ya pili kwa sababu hajiamini anaogopa kama mimi, ila woga wake unamgharimu usingizi wake mwenyewe, na sisi wengine tunafika. Usalama wa ndege umejengwa na watu kama huyo, wanaokaa chini baada ya kila ajali kuandika ni nini kilikosewa.

Utaniambia woga hauchaguliwi. Kweli. Sikuchagua mikono yangu kulowa jasho. Lakini ile tiketi ilikuja mchana. Ningemwambia anko pale pale, "Naogopa ndege," ningepanda basi la usiku na kufika Kisumu alfajiri. Kwa hivyo si woga ulionichelewesha. Ni aibu ya kuusema. Nililinda jina langu kwa saa kumi na mbili, na mtu mwingine akalipa.

Mwezi uliopita tulikuwa na ukumbusho wake. Wiki moja kabla, nilimwambia Mama ukweli. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua kichwa.

"Nilijua," alisema. "Trafiki gani saa kumi alfajiri, na eapoti iko hapo tu?"

Akachambua majani mengine kadhaa. "Basi tutaenda na ndege, mimi na wewe. Hata mimi sijawahi kupanda."

Nikimwambia mtu kwamba niliogopa njia nzima nasema ukweli. Chini ya miguu yetu kuligonga kitu, nikamwita mhudumu, akasema ni magurudumu yanaingia ndani. Nilimwambia naogopa. Akasema sawa, kisha akarudi mara mbili kuniangalia. Nilitafuta paa letu dirishani lakini kutoka juu mabati yote yanafanana. Mama alinishika mkono, na wake pia ulikuwa umelowa.

Saa mbili kasoro tulikuwa nyumbani kwa nyanya, chai bado iko motoni. Nikaangalia saa. Siku ile, saa kama hii, alikuwa bado anauliza nimefika wapi.