Nani Awalipie Kuku Waliokufa kwa Ajili Yetu?

Mwishoni mwa Oktoba 2017, vifaranga 6,400 waliotoka Kenya walichomwa moto wakiwa hai pale Namanga. Serikali ilisema wameingizwa kinyume cha sheria na huenda wangeleta mafua ya ndege. Januari mwaka huohuo ugonjwa huo ulikuwa umethibitishwa Uganda, kando ya Ziwa Victoria. Wengi walikasirikia ule moto, na mimi nimo: kama ni lazima kifaranga afe, zipo njia zisizo za kikatili. Ila swali linalonisumbua ni la hasara. Ni ya nani?

Maana hofu yenyewe si ya kijinga. Kirusi cha mafua hubeba jeni zake katika vipande 8. Ili kiingie kwenye seli lazima kishike sukari fulani iliyo juu yake, na sukari ya utumbo wa bata haikuungana kama ya koo letu. Kwa hiyo kirusi cha ndege kikifika kooni kwa mtu huwa kama mgeni aliyeshika ufunguo wa nyumba ya jirani. Lakini ufunguo hubadilika. Katika protini iitwayo PB2, inayosaidia kunakili jeni, asidi amino moja tu ikigeuka, ile ya nafasi ya 627, kirusi cha ndege huanza kuzaana vizuri ndani ya mamalia. Moja tu! Hakuna aliyepanga, ni makosa ya kunakili, na kila kuku anayeambukizwa ni tiketi nyingine ya bahati nasibu. Hong Kong mwaka 1997 waliugua watu 18, wakafa 6, na kuku zaidi ya milioni 1 wakauawa ili kukata mnyororo.

Sasa njoo Mbagala. Banda liko nyuma ya jiko, bata wanachezea dimbwi la maji machafu. Kuku wakianza kupinda shingo, mama mwenye banda anasema ni kideri, na mara nyingi yuko sahihi. Anachinja waliobaki wamesimama, anauza kabla ya magharibi. Ada ya mtoto imo humo bandani. Eti ampigie simu afisa mifugo? Kwa hesabu zake, huko ni kuita watu waje wamuulie mtaji.

Wapo watakaomwita mbinafsi. Mimi naona hatari ni ya Dar nzima, mpaka Masaki wanakoletewa kuku wakiwa wameshakatwakatwa, lakini hasara tumemwachia yeye peke yake. Tukimtaka apoteze kila kitu ili sisi tulale salama, na hatumlipi, huo si wajibu tunaomkumbusha. Tunamnyang'anya.

Najua, fidia huzaa ujanja. Wapo watakaodai kuku ambao hawakuwahi kuwa nao. Hao wahesabiwe mizoga. Ujanja wa namna hiyo unaonekana kwa macho, tofauti na kuku wagonjwa wanaopakiwa kwenye matenga usiku kwenda sokoni. Yule mama angejua afisa mifugo anakuja na fidia pamoja na vichupa vya sampuli, angempigia hata saa nane usiku.