Hima na Haki ya Raia Katika Msitu

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baad.

Miongoni mwa yaulizwayo mabarazani ni hili: msitu ni wa nani? Mmoja husema ni wa serikali; wa pili husema ni wa wenyeji; na mwenye fedha husema ni wa aliyeununua. Muislamu hana budi aanze na asili ya jambo. Mwenye kumiliki kwa hakika ni Mwenyezi Mungu peke yake, na mwanadamu amewekewa amana tu. Katika Surat An-Naml Mola amewauliza washirikina ni nani aliyeotesha mabustani ya kupendeza, ambayo wao wasingaliweza kuiotesha miti yake.

Na Mtume (s.a.w.) amefundisha ya kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Sahaba Abyadh bin Hammal alimwomba apewe chumvi ya Maarib, akapewa. Kisha Mtume akaelezwa ya kuwa chumvi ile ni mfano wa maji yasiyokatika, basi akairudisha. Kitu ambacho kulla mtu hukipata pasipo taabu, kumpa mmoja ni kuwafungia wengi mlango. Ama aliyepanda miti kwa jasho lake katika shamba lake, hiyo ni milki yake, wala si halali kumkatia hatta ufito bila ya idhini.

Je, msitu wa wote ni wa kukatwa na wote? Hasha. Kwa ajili hiyo sharia ina hima, nayo ni ardhi iliyozuiwa kwa maslaha ya umma. Mtume alikataza hima ya mtu kwa nafsi yake, waliyoizoea wakubwa wa zama za ujahili, na yeye akaizuia Naqii kwa farasi wa Waislamu. Sayyidna Umar naye alipomweka Hunayy kuwa msimamizi wa hima, alimwusia aogope dua ya aliyedhulumiwa. Amwingize mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na makundi ya Ibn Auf na Ibn Affan. Kwani wale wawili mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurejea; lakini maskini mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake kulia mlangoni. Na Umar akakiri ya kuwa wenyeji wale waliona wamedhulumiwa, kwa kuwa nchi ni yao, waliipigania tangu ujahili na wakasilimu juu yake.

Maneno hayo yatazamwe katika nchi ya Karatu, iliko kata ya Qurus. Juu ya wilaya hiyo uko msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro, unaoshika mawingu na kuteremsha maji kwa wakulima walio chini. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na Wamasai wakaachiwa wakae humo na mifugo yao. Mwaka 1974 waliokaa ndani ya kreta waliondolewa. Mwaka 1979 mahali hapo pakaandikwa katika urithi wa dunia. Na tangu 2022 jamaa nyingi zimehamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni, mkoani Tanga; serikali husema ni kwa hiari, na wengine katika wenyeji husema wamebanwa hatta wakahama. Huku nyuma wageni huja kutoka kulla pembe ya dunia, hulipa ada, wakatazama.

Kutazama si dhambi. Qurani imewahimiza watu watembee katika nchi na kuzingatia. Wala ada si haramu, ikiwa ni ujira wa ulinzi na itarudi kwa umma. Dhulma huingia pale matembezi ya tajiri yanapotangulizwa mbele ya maji na malisho ya maskini. Kwani hapo hima imegeuka kuwa ya ujahili, ingawa imeandikwa jina la umma.

Na mwenyeji naye asijidanganye. Akataye mti usiku kwa hoja ya kuwa msitu ni wa wote, amewaibia wote: aliye chini ya mto, na mtoto asiyezaliwa. Ni kama mkata mikoko wa pwani asemaye bahari haina mwenyewe, hatta mawimbi yakaila ardhi ya jirani yake.

Basi mlinzi na amche Mungu katika lango lake, na mwenyeji amche Mungu katika shoka lake. Ewe Mola, utujaalie kuwa wenye kutimiza amana, wala usitujaalie kuwa sababu ya dua ya aliyedhulumiwa. Amin. Wabillahi tawfiq.