Je, Tunadanganya Tusemapo Jua Limechomoza?

Mwalimu wa Kiswahili hupata maswali ambayo hayamo katika muhtasari wake. Asomeshapo kifungu cha ufahamu kianzacho kwa maneno "jua lilipochomoza", hakosi mtoto mmoja wa kuinua mkono na kusema: "Mwalimu, juzi mwalimu wa sayansi alitwambia kwamba jua halichomozi, bali dunia ndiyo izungukayo. Basi kati yenu nani mwongo?" Darasa hucheka, mwalimu naye hucheka, kisha somo likaendelea. Sisi twaona swali hilo halifai kupitwa hivi hivi. Ndani yake mna jambo zito: ni lini maneno yasiyolingana na hali ya mambo huwa uongo, na ni lini huwa lugha tu?

Tuanze na dunia yenyewe. Mzingo wake katika Ikweta ni kilomita 40,075, nayo hujizungusha mara moja kwa siku. Kwa hiyo mzee aliyeketi chini ya mwembe karibu na Ikweta, akinywa chai yake taratibu, anasafirishwa kwa mwendo wa kilomita 1,670 kwa saa, na wala chai haimwagiki. Galileo alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1632: mtu aliyefungiwa chumbani ndani ya merikebu iendayo sawasawa hana njia ya kujua kama merikebu inakwenda au imetia nanga. Abiria wa mabasi yetu hawahitaji Galileo kuwafundisha hayo. Kinachowaangusha mapajani mwa wenzao si mwendo, ni breki na kona. Dunia haina breki, na kona yake ni pana mno. Basi mzee wetu asemaye kwamba ameketi ametulia anasema kile mwili wake unachomwambia, nasi hatuna haki ya kumwita mwongo.

Hata macho yana mambo yake. Hewa huipinda nuru ya jua, na jioni tunapoona ukingo wa chini wa jua umegusa upeo wa macho, kwa hakika jua zima limekwisha kuzama chini ya upeo huo. Tunalolitazama na kulisifu ni jua lililokwisha kwenda zake.

Sasa tuitazame lugha yetu, maana sisi ndio walinzi wake. Kweli twasema jua linachomoza, linapanda, linatua. Lakini twasema pia "kumekucha". Hebu tuulizane: ni nini kilichokucha? Kiambishi ku- hakilitaji jua hata kidogo, kinataja mahali. Ni kama kwamba mahali petu ndipo palipoingia katika mwanga. Tusijivune kwamba wahenga walimtangulia Copernicus, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1543. Hawakuwa wakijadili mizunguko ya sayari, walikuwa wakiamshana. Hata hivyo lugha ilijiwekea nafasi. Ndivyo ilivyo pia kwa mwezi kupatwa. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, na mtenda hakutajwa. Umepatwa na nini? Nafasi iko wazi, na mwalimu wa sayansi anaweza kuijaza bila kubomoa neno lolote: umepatwa na kivuli cha dunia.

Saa zetu nazo ni mfano mzuri. Hesabu ya saa za Kiswahili huanza na mapambazuko, na hesabu hiyo yafaa katika nchi zilizo karibu na Ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Lakini Kampala hutumia saa moja na Mombasa, ingawa Kampala iko mbali upande wa magharibi. Kwa hiyo Kampala jua hutokeza kati ya saa 12 na nusu na saa 1, na saa iliyopaswa kuwa ya kwanza ya mchana huisha kabla mchana haujaanza vizuri. Kwa upande mwingine, msafiri avukaye mpaka wa Katuna kuingia Rwanda hurudisha saa yake nyuma kwa saa nzima, na jua halimjali, linabaki palepale lilipokuwa. Nani kadanganya? Hakuna. Ni mapatano, na kila mtu anajua kuwa ni mapatano. Nadhani hapo tumekaribia jibu tunalolitafuta, lakini kuna mfano mmoja unaotutia mashaka zaidi.

Kule Kayabwe, zaidi ya kilomita 70 kutoka Kampala kwenye barabara iendayo Masaka, Ikweta imewekewa alama, na wageni hupiga picha mguu mmoja ukiwa kaskazini na mwingine kusini. Hapo huonyeshwa ajabu ya maji. Beseni lenye tundu huwekwa hatua chache kaskazini mwa mstari, maji humiminwa, ua dogo huelea juu yake, na maji yakitoka ua huzunguka upande mmoja. Kusini huzunguka upande wa pili. Juu ya mstari wenyewe maji hushuka wima. Wageni hushangilia, na anayetaka aweza kununua cheti.

Nguvu inayotajwa hapo ni ya kweli, nayo hubeba jina la Mfaransa Coriolis, aliyeandika juu yake mwaka 1835. Ndiyo hufanya tufani kubwa za kusini mwa Ikweta zizunguke kwa kufuata mishale ya saa, kama ile ya Idai iliyoupiga mji wa Beira nchini Msumbiji mwezi Machi 2019, na zile za kaskazini zizunguke kinyume. Lakini tufani ina upana wa mamia ya kilomita, nayo hukaa siku kadhaa. Beseni ni beseni. Mwaka 1962 Ascher Shapiro, wa chuo cha MIT huko Marekani, alichukua chombo cha duara chenye upana wa karibu mita 1.8, akakijaza maji, akayaacha yatulie kwa saa 24, ndipo akakizibua. Kwa dakika nyingi hakukuonekana kitu. Mwishoni maji yakaanza kujizungusha polepole kinyume cha mishale ya saa. Mwaka 1965 wengine walifanya vivyo hivyo Sydney, Australia, na maji yakazunguka kwa upande wa pili. Haya yalikuwa katika miji iliyo mbali sana na Ikweta, na kwa subira ambayo si kila mtu anayo. Kwa beseni lililo mita 20 kutoka kwenye mstari, hesabu yaonyesha kwamba dunia ingehitaji zaidi ya miaka 800 kuyazungusha maji hayo mara moja. Hakuna mtalii awezaye kungoja kiasi hicho. Kinachoyazungusha ni mkono: ukimimina maji kwa upande mmoja wa beseni, yataanza kuzunguka, na yatakumbuka mzunguko huo hata yatakapokuwa yakitoka.

Je, huu ni uongo? Wako watakaomtetea mwenye beseni, na utetezi wao una uzito. Anatafuta riziki yake. Mgeni anafurahi na hadhuriki. Tena yawezekana naye alifundishwa hivyo na anaamini kwa moyo safi. Mtu wa mazingaombwe hutoa njiwa kofiani na hatumpeleki mahakamani. Lakini atazamaye mazingaombwe anajua kuwa anachezewa, naye amekubali kuchezewa. Hayo nayo ni mapatano. Mbele ya beseni mtu huambiwa: "Hii ni sayansi, tazama kwa macho yako mwenyewe." Jua linapochomoza katika hadithi, hakuna kilichofichwa, yeyote atakaye aweza kuuliza, na mwalimu aweza kumweleza yote bila kupoteza kitu. Beseni halistahimili kuulizwa.

Kinachotushughulisha zaidi ni mwanafunzi aliyeletwa pale na shule yake. Huyo ataandika katika daftari aliyoyaona. Akifika nyumbani atachukua beseni la mama yake, atalitoboa (hilo ni shauri lao wawili), atamimina maji, nayo yatazunguka ovyo, leo kulia, kesho kushoto. Hapo atasema nini? Aghalabu hatasema kwamba onyesho lilikuwa na kasoro. Atasema yeye ndiye aliyekosea. Jaribio lake lilikuwa safi, nalo atalitupa.

Jambo la namna hii hutokea hata bila beseni. Vitabu vingi vilivyochorwa Ulaya huonyesha mwezi mwandamo umesimama wima, pembe zake zikielekea upande. Huku kwetu karibu na Ikweta mwezi mchanga hulala jioni kama mtumbwi, pembe zote mbili zikitazama juu, kwa kuwa jua na mwezi hutua karibu wima. Mtoto aliyeuona jana akielekea kisimani ameuona umelala. Mwambie auchore darasani, atausimamisha. Hakuna aliyemdanganya, na mchoraji wa Ulaya alichora kweli yake mwenyewe; hata hivyo mtoto amekwisha jifunza kwamba macho yake hayahesabiki. Mwalimu wa lugha anaweza kulitengeneza hili kuliko yeyote, kwa insha moja tu: "Eleza mwezi ulivyouona jioni", na alama zitolewe kwa alichokiona, si kwa alichokisoma.

Na siku tukiwapeleka watoto Kayabwe? Hatushauri mtu yeyote aaibishwe mbele ya wageni wake. Tumlipe ada yake kamili, tulitazame onyesho mpaka mwisho, tushangilie pamoja na wengine. Kisha tumwombe kwa adabu: "Ndugu, tafadhali mruhusu mtoto huyu naye amimine." Amimine mara ya kwanza upande wa kulia wa beseni, mara ya pili upande wa kushoto, yote palepale kaskazini mwa mstari, na wenzake waandike ua lilivyozunguka kila mara. Mwenye beseni akikubali, huenda naye akasogea karibu kutazama.