Mlango wa Uzamivu na Deni la Mwanachuoni

Ndugu walimu, mwanafunzi wangu wa zamani, mzaliwa wa hapa Nyakalengija, alinijia juzi na barua mkononi. Anaomba profesa mmoja wa sayansi ya kompyuta ampokee kwa masomo ya uzamivu juu ya akili mnemba. Masharti ameyatimiza: shahada ya uzamili anayo, pendekezo la utafiti ameliandika, na wadhamini amewapata. Hata hivyo, nilipoisoma barua ile nilijiuliza: je, kutimiza masharti kwatosha kumfanya mtu mwanachuoni?

Kijana ataka kuendeleza kazi kama ile ya Chuo Kikuu cha Makerere, ya kuifundisha mashine kutambua maradhi ya muhogo kwa kutazama picha za majani. Mwaka 2020 picha 21,367 zilitolewa kwa watafiti wa ulimwengu. Nyingi zilipigwa na wakulima wa Uganda katika mashamba yao. Kisha wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Mazao wakazipambanua: hili lina batobato, hili lina michirizi ya kahawia, hili ni zima. Mashine haikuzaliwa na ujuzi huo, bali iliuazima.

Sisi tukaao chini ya Rwenzori twaujua mfano wake. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Kiitalia, alipita bonde hili la Mubuku, akafika kilele cha mita 5,109, akakiita Margherita kwa jina la malkia wa kwao. Wakonzo walimbebea mizigo katika matope na baridi. Jina la malkia limo ramanini. Majina yao hayamo.

Watakuwapo watakaosema kuwa kubeba mzigo si kufika kileleni, wala kupiga picha jani si utafiti. Ni kweli. Uzamivu wadai nidhamu na ushahidi, na mlango wake usilegezwe kwa huruma. Lakini deni halifutiki kwa sababu mdeni ni hodari.

Basi nikamshauri kijana aongeze aya moja: ujuzi huu atautoa kwa nani, na matokeo atawarudishia kwa lugha gani?

Akanijibu, “Mwalimu, profesa hakuliuliza hilo. Neno la ziada laweza kuninyima nafasi.”

Sikumlaumu. Apitaye mlango mwembamba hutua mizigo, na wa kwanza kutuliwa huwa ni shukrani. Lawama ni ya mlango usiouliza. Afadhali profesa aliweke swali hilo miongoni mwa masharti yake, ili mwenye kulijibu asipate hasara.

Nasi walimu wa lugha tusikae kando. Matokeo yakibaki katika Kiingereza cha vitabuni, mkulima aliyetoa picha atabaki mgeni wa ujuzi wake mwenyewe. Tuwafunze vijana kuyaeleza kwa Kiswahili na kwa Lukonzo. Shukrani ya punda, walinena wahenga, ni mateke. Ya mwanachuoni isiwe kimya.