Kasoro na Uzuri

Kasoro ni neno ambalo kila mtu hulitumia kwa mwenzake upesi kuliko alitumiavyo kwa nafsi yake. Tukisikia sauti iliyokwaruza, tukiona mwandiko uliopinda au mwendo usiofanana na wetu, hukumu hututoka mdomoni kabla ya fikira. Nami ni mwalimu. Kazi yangu ya kila siku ni kuwinda makosa kwa wino mwekundu. Kwa hiyo swali nitakalolijadili lanihusu mimi kwanza, kisha msomaji: je, kasoro yaweza kuwa uzuri? Na ikiwa yaweza, twaipambanuaje na uharibifu mtupu?

Mfano wangu ni gitaa la umeme. Gitaa hili, likipigwa peke yake, halisikiki mbali. Chini ya nyuzi zake za chuma pana sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba; uzi ukitikisika, umeme mdogo sana huzaliwa katika waya ule, nao hupelekwa katika kikuza sauti. Ndani ya vikuza sauti vya zamani, na vya mafundi kadha wa leo, mna valvu: vichupa vya kioo vilivyoondolewa hewa, ving'aavyo kwa ndani kama makaa. Valvu huutwaa umeme ule mdogo na kuukuza hata uweze kuisukuma spika.

Lakini kila chombo kina kadiri yake. Umeme ukizidi kadiri iwezayo kuchukuliwa na valvu, vilele vya mawimbi yake hukatika, na sauti iliyoingia safi hutoka imekwaruza. Waundaji wa kwanza waliihesabu hali hiyo kuwa aibu. Leo Fender wa California, fundi wa redio ambaye hakujua kupiga gitaa, alijitahidi kuunda vikuza sauti vitoavyo sauti safi. Wapigaji ndio walioasi. Walivikazanisha vikuza sauti hata vikakwaruza, wakaona katika mkwaruzo ule kitu walichokuwa wakikitafuta. Mwaka 1964 kijana wa Kiingereza, Dave Davies wa bendi ya The Kinks, alikuwa amefika hadi ya kuichana spika kwa wembe ili sauti yake iwe na makali. Mwaka 1969, katika tamasha la Woodstock, Jimi Hendrix alipiga wimbo wa taifa la Marekani kwa gitaa lililolia, likanguruma na kupasuka, hata wengi wakasikia ndani yake mabomu ya vita vya Vietnam vilivyokuwa vikiendelea. Sauti safi isingaliweza kusema jambo lile.

Transista ilibuniwa mwaka 1947, na baadaye redio zikaziacha valvu, kwa kuwa transista ni ndogo, nyepesi na haili umeme mwingi. Wapigaji wengi wa gitaa hawakuziacha. Sababu yao ni kwamba valvu haikatiki ghafula. Hulegea kidogo kidogo kwa kadiri ya nguvu ya kidole. Walipatikana hata mafundi waliounda kikuza sauti kimoja kimoja kwa kuagizwa. Alexander Dumble wa California, aliyefariki mwaka 2022, alisifika kwa kumsikiliza mpigaji kwanza, kisha kukiunda chombo kifuate mkono wake, kama fundi cherehani apimavyo mwili kabla ya kukata kitambaa.

Likizo moja niliingia katika karakana ya fundi wa redio, mzee aliyekuwa ameunda kikuza sauti cha namna hiyo kwa valvu alizozitoa katika redio kongwe. Kijana aliyekiagiza alikuwa akikijaribu, na sauti iliyotoka ilinikereketa masikio.

“Mzee wangu,” nikasema, “chombo hiki kimeharibika.”

Mzee akacheka. “Subiri kidogo, mwalimu.” Akamgeukia kijana: “Mpigie mwalimu polepole. Usiguse kifungo chochote.”

Kijana akazigusa nyuzi kama mtu amwamshaye mtoto. Sauti ikatoka safi kama maji ya kisima. Akazidisha nguvu kidogo, ikaanza kuwa nzito. Akazipiga kwa nguvu zote, ule mkwaruzo ukarudi.

“Hakijaharibika, mwalimu,” akasema mzee. “Kinamsikiliza.”

Hapa ndipo nilipopata kipimo nilichokuwa sina. Huenda msomaji akasema: ikiwa mkwaruzo ni uzuri, basi wino mwekundu utupwe, kila kosa liitwe sanaa. La, hasha. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka, na maneno yao hayajatanguka. Mwanafunzi aandikaye “kura” alipokusudia “kula” hajabuni lugha mpya. Amekosea, na asahihishwe. Lakini kijana yule wa gitaa alikuwa na sauti mbili katika mkono mmoja, akichagua ipi aitoe na wakati gani. Kasoro iutiiyo mkono ni usemi. Kasoro iutawalayo mkono ni hasara. Wala kikuza sauti kizuri hakimfichi mpigaji mbaya. Kwa kuwa hufuata kila mguso, huutangaza udhaifu wa kidole pamoja na ustadi wake. Asiyeweza kutoa ila mkwaruzo hana haki ya kujiita mwasi. Yeye ni mwanafunzi bado.

Basi kipimo ni chepesi: mwambie mtu arudie polepole, usikilize. Ni chepesi, nami nilikosa kukitumia palipohitajika.

Mwaka mmoja kabla ya siku ile karakanani, nilikuwa nikichagua waimbaji wa kwaya ya shule. Mvulana mmoja wa kidato cha pili alisimama, akaimba kwa nguvu zake zote, na sauti yake ilikwaruza. Sikumngoja amalize ubeti. Nilimwambia mbele ya wenzake kuwa sauti yake ni mbovu, nikamwita anayefuata. Alirudi kitini bila neno. Hakujaribu tena, wala sikumsikia akiimba hata gwarideni, wenzake wote walipokuwa wakiimba.

Niliposimama katika karakana ile, uso wa mvulana yule ndio ulionijia. Sijui kama alikuwa na sauti mbili au moja. Huenda nilikuwa na haki ya kumkataa. Lakini sikuwa na haki ya kumkataa bila kujua. Kumwambia, “Rudia polepole, mwanangu,” kungalinigharimu nusu dakika. Niliporudi shuleni kumtafuta, niliambiwa familia yake imehama.

Tangu hapo kila nichaguapo waimbaji husikiliza mara mbili, mara ya kwanza kwa nguvu, mara ya pili polepole. Wengine huwakataa vilevile, lakini huwakataa nikijua sababu. Nawe msomaji, utakapoona jambo la mwenzako likikwaruza, kabla ya kulitamka neno kasoro, mwombe akurudie mara ya pili. Mvulana wangu hakuipata mara ya pili, na deni lake lingali shingoni mwangu.