Uzee na Geti
Marekani kuna miji ya wazee watupu. Sun City, Arizona, ilifunguliwa 1960 bila geti. Leisure World ya Seal Beach, California, ikaja 1962, na ukuta na walinzi. Mzee mwenye pesa anachagua.

Sisi wa Nyarugusu, kambi ya tangu 1996, geti tunalijua: kutoka ni kwa kibali. Basi geti ni baya tu? Mimi nasema hapana. Wezi wapo, na bibi anayelala peke yake ana haki ya komeo. Lakini komeo lake linafungwa kwa ndani.

Ukizeeka, usiulize kwanza kama kuna ukuta. Uliza ufunguo anao nani, na jirani akisikia unakohoa usiku, ataingiaje.