Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 17: Dada anaitwa Diana

Dada aliyesilimu anauliza: "Jina langu Diana, ni lazima nilibadilishe?"

Ni kweli, Diana alikuwa mungu wa kike wa Warumi, wa uwindaji na mwezi. Lakini mzazi aliyempa bintiye jina hilo, alikuwa anaabudu sanamu? Wengi walilisikia tu kwa yule Diana wa Uingereza, likawapendeza.

Mtume (s.a.w.) alibadilisha majina yenye maana mbaya. Binti wa Sayyidna Umar aliitwa Asiya. Si kama la mke wa Firauni, hili ni la herufi ya ain, yaani muasi. Akamwita Jamila. Na majina kama Abdu Shams, mja wa jua, hayabaki.

Basi dada yetu akipenda jina jingine, ni vizuri. Ila si sharti la Uislamu wake. Wewe unayetarajia mtoto, mchagulie jina jema, ni haki yake.

Na sisi tunaomnong'ona kwenye futari, tujiulize: yeye ameziacha sanamu, sisi tumeacha nini? Unaweza kuitwa Jamila na ulimi ukawa mchafu.

Allah atutakabalie funga zetu. Amin.